Meza Iliyolala Kifudifudi

Kikombe kikianguka hotelini kwangu, sikumfikiria aliyekiangusha. Nilimfikiria Fundi. Habari zilimfikiaje sijui, maana kabla sijamaliza kufagia ungemwona ameinama mlangoni, kofia mkononi, anauliza kwa upole kama anayemjulia mgonjwa hali: "Imevunjika vizuri ama vibaya?"

Kuvunjika vizuri, kwake, kulikuwa kuvunjika vipande vinavyoshikika, rangi imebaki mahali pake. Kuvunjika vibaya ni kusagika. Mimi nilikuwa nikimjibu kwa ukali, kwa sababu mimi ni mtu wa mdomo na Ruring'u nzima inajua. "Fundi, kikombe ni yangu, hasara ni yangu, wewe unauliza uzuri gani?" Naye alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, akazoa vipande kwenye debe lake na kwenda zake. Kesho yake alirudi kunywa chai, akakishika kikombe kizima na kukitazama kwa tamaa. "Hii bluu, Mama Hoteli," alisema, "hii itanifaa siku moja." Nikamwambia akome kuviombea vyombo vyangu mabaya.

Kazi yake ilikuwa meza za nje. Za bustani, za veranda, za zile hoteli za njia ya Mweiga ambako wageni hupenda kukaa kwenye nyasi. Meza za mviringo za simiti, juu zimejaa vipande vya vigae na vyombo vilivyopangwa vikawa maua, ndege, majani ya kahawa, chochote mtu alichomwonyesha kwenye simu. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya hoteli yangu, tukitenganishwa na ua wa miiba wenye tundu ambalo kuku wake walilijua kuliko sisi. Nilimsikia kila asubuhi akikata vigae kwa koleo, tak, tak, nikazoea hivyo hata sikuwa na haja ya saa.

Niseme alivyofanya kazi, kwa sababu usipoijua kazi hutamjua mtu. Wengi hubandika vigae juu ya mbao wakasema wamemaliza. Meza kama hiyo ikinyeshewa misimu miwili, mbao zinavimba na vigae vinaruka kama mahindi kwenye kikaango. Fundi alifanya kinyume. Alichana mfuko wa simiti, akachukua karatasi yake ya kaki, akachora picha kwa makaa. Alipika gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ndogo, kisha akabandika vipande kimoja kimoja, uso wenye rangi ukiangalia chini kwenye karatasi. Akazungushia fremu ya bati, akamwaga simiti, akatandika waya wa kuku, akamwaga simiti tena. Halafu magunia mabichi juu, na kungoja. Ikishakomaa ndipo alipoigeuza, akailowesha karatasi na kuibandua. Kwa hiyo mpaka siku ya kugeuza, hakuna aliyeona picha. Hata yeye aliona migongo tu.

Na kungoja huko, jamani! "Simiti haisikii ikiitwa," alikuwa akisema. Asubuhi na jioni aliinyunyizia maji ili isikauke kwa pupa na kupasuka. Aliibishia hodi kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio, akatingisha kichwa. Siku moja mchungaji wetu alikuja kuchukua meza yake kabla ya wakati, akiwa na wageni njiani kutoka mbali. Fundi alisimama kati yake na meza, mikono nyuma. "Mchungaji, hata Lazaro alikaa siku nne." Mchungaji alirudi mikono mitupu, na Jumapili alihubiri juu ya uvumilivu akimtazama Fundi, ambaye alikuwa amelala kwenye benchi.

Lakini mtu huyo huyo hakuweza kungoja chai ipoe. Niliona kwa macho yangu, mwaka nenda mwaka rudi, akiunguza ulimi katika meza ile ile. Hakuweza kupanga foleni. Akienda posta na kukuta watu, alirudi nyumbani na barua yake. Nilimwambia, "Wewe uvumilivu wako wote umeipatia simiti, umetuachia sisi makombo." Akasema simiti haina makelele kama mimi.

Alikosea kwa aibu mara moja tu ninayoijua. Mfugaji mmoja wa Mweiga alitaka meza yenye picha ya ng'ombe wake, jike aliyempenda kuliko, naamini, baadhi ya watoto wake. Ng'ombe alikuwa na baka jeusi kwenye shavu la kushoto. Fundi akamchora vile alivyomwona kwenye simu, akasahau kwamba kitu kinachofanywa kifudifudi kikigeuzwa hubadilisha upande. Meza ikageuzwa mbele ya mwenyewe, baka likawa kulia. Mzee akaizunguka mara kadhaa. "Huyu si ng'ombe yangu," akasema. "Huyu ni wa mtu mwingine." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, ila Fundi hakucheka. Alichukua nyundo akaivunja meza nzima, na kuanzia siku hiyo alitundika kioo cha kunyolea ndevu ukutani. Kila picha aliitazama kwanza kupitia kioo, akachora kile kilichokuwa ndani ya kioo. Hakukosea tena.

Kuna kazi aliyoikataa katakata. Siku hizi kwetu kaburi lisipopigwa vigae watu husema familia imemtupa marehemu, na wenye ufundi kama wake wanaitwa kila wiki. Yeye alikataa. "Kigae ni cha mtu anaweza kukaa chini akunywe chai," alijibu. Wakasema ana kiburi. Labda alikuwa nacho. Mimi naona aliogopa tu, alikuwa mtu anayegeuza uso hata gari la maiti likipita.

Sasa mkewe. Nikimtaja Fundi bila Mama Makena nitakuwa nimemchora nusu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na alitoka upande ule mwingine wa mlima wetu, Kirinyaga, kule Chuka. Aliishi nasi mpaka akazungumza Kikuyu chetu na kulima viazi vyetu, lakini jambo moja alikataa kulikubali. Asubuhi mlima ukijitokeza, sisi tukisimama kidogo kuutazama kama watu wa Nyeri tunavyofanya, yeye alitikisa kichwa.

"Mlima yenu imekaa vibaya," alisema. "Ile kilele ndogo mmeiweka kulia. Kwetu iko kushoto."

"Mlima ni moja, Mama Makena," Fundi alimjibu.

"Ni moja, lakini nyinyi mnaionanga kisogo."

Haiya! Sisi wa Nyeri, tuambiwe tunaona kisogo cha Kirinyaga! Niligombana naye juu ya hilo kila kiangazi, na tulilifurahia gombano letu. Lakini nilijua chini yake kulikuwa na nini. Wazazi wake walishakufa, kaka zake waliuza shamba wakatawanyika, na kule Chuka hapakuwa tena na mlango wa kubisha. Aliwahi kuniambia, akimenya viazi, kwamba hata mahali pa kusimama auone mlima wao hajui pangekuwa kwa nani. Nikamwambia ungeuona hata barabarani. "Barabarani ni kwa wapita njia," akasema.

Na huyu mke wa mtengeneza meza hakuwa na meza. Mganga hajigangi, mmesikia. Meza za mumewe zilikuwa zimejaa kutoka hapa mpaka Mweiga, mimi mwenyewe ninayo moja mbele ya hoteli yenye alizeti, na yeye alikunywa chai yake ya saa kumi chini ya mti wa lokwati, kikombe kikiwa juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Alimwomba. Fundi alisema anangoja vigae vya kumfaa. Akamwambia, "Haraka haraka haina baraka." Mama Makena akamrudishia, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Walirushiana hayo miaka, kama watu wanaosalimiana. Nami nilikuwa nikicheka ng'ambo ya ua.

Kisha tumbo lenyewe likaanza kumuuma. Sitasimulia hospitali. Walimrudisha nyumbani wakasema akae na watu wake, na sote tukaelewa. Alitaka kukaa nje tu. Ilikuwa gathano, ule msimu wetu wa ukungu na manyunyu, jua halionekani, na mlima ulijifunika wiki baada ya wiki kama usiokuwapo. Tulimkalisha chini ya mlokwati na blanketi mbili. Nilikuwa nimempelekea uji siku aliyomwambia mumewe, wala hakupaza sauti: "Baba Makena, mimi sasa nataka hiyo meza. Nataka nikunywe chai kwa meza yangu kabla sijaenda."

Fundi aliingia tunduni mwa ua kama kuku wake, akaja moja kwa moja jikoni kwangu. Alisimama mbele ya kabati.

"Mama Hoteli," akasema, "leo hakuna kitu imevunjika?"

Nilivitoa vikombe vyangu vyote vya bluu. Vilikuwa vizima, seti niliyoipenda. Nikatoka navyo kwenye ngazi ya nyuma nikaviangusha kimoja kimoja kwa mkono wangu. Fundi aliinama akiokota, machozi yakimdondoka puani, na nikamwuliza mimi safari hii, "Vimevunjika vizuri?" Akaitikia kwa kichwa.

Alifanya kazi akiwa amempa mkewe mgongo ili asiione picha. "Ni picha ya nini?" Mama Makena aliuliza. "Utaona," alisema. Kila siku alimwuliza, na kila siku alijibiwa utaona, na lile fumbo lilimpa mama yule nguvu, nakwambia, alikuwa akitabasamu. Simiti ikamwagwa. Magunia yakatandikwa. Tukaanza kungoja.

Lakini simiti wakati wa gathano hukomaa polepole. Baridi inaizuia. Fundi aliibishia hodi asubuhi, akaibishia mchana, na kila mara alitingisha kichwa. Mama Makena alikuwa akipungua mbele ya macho yetu. Siku moja alisema, "Geuza nione."

"Bado mbichi. Ikigeuzwa saa hii itakatika."

"Wacha ikatike."

"Mama Makena, hebu ngoja kidogo. Haraka haraka..."

Sote tulingojea jibu lile la siku zote. Mama Makena alimtazama tu mumewe, kwa mapenzi, kisha akafumba macho. Ngoja ngoja hakuisema.

Alikufa asubuhi yenye ukungu mzito. Makena, binti yao, aliyekuwa ametoka kwake Mweiga kuja kumuuguza, ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Fundi alikuwa uani akinyunyizia magunia maji. Nilisikia kilio cha Makena, nikapita tunduni nikichanika mikono, nikamkuta Fundi amesimama na mkebe wake ungali unamwaga maji miguuni mwake.

Tulimzika Gakindu, kwenye shamba la Fundi, kando ya miti ya kahawa. Ndugu zake Fundi walitaka kaburi lipigwe vigae, tena walishaleta vyeupe vinavyong'aa. Alikataa. Kaburi likabaki na udongo na maua aliyopanda Makena. Basi watu wakapata la kusema sokoni: fundi wa vigae mzima, mke wake hana hata kigae kimoja! Niliwajibu nilivyowajibu, na kuna mwanamke mmoja Gakindu hatusalimiani mpaka leo.

Baada ya hapo Fundi alizimika. Koleo halikusikika. Wateja walikuja, wakapiga hodi, wakaenda kwa wengine. Meza ilibaki uani ilivyokuwa, kifudifudi, magunia yakaozea juu yake, majani yakaota pembeni, kuku wakageuza pale kuwa mahali pa kulala. Simiti ilikuwa imekomaa zamani. Hakuna aliyethubutu kumwambia. Alikuja kunywa chai bado, lakini alikaa nayo mpaka ikapoa ikaganda utando, akainywa hivyo. Nikivunja kikombe hakuuliza. Nilikuwa nikiweka vipande kwenye debe kumngojea, debe likajaa, nikaanza la pili.

Nilidhani ndivyo itakavyokwisha. Ila Januari hii, jua likiwa kali na mlima uko wazi kila asubuhi bila hata wingu la kusingizia, Makena alitokea mlangoni. "Anti," akasema, "baba anaomba uje. Anataka tugeuze meza."

Tulikuwa wanne: Fundi, Makena, mume wa Makena, na mimi na mgongo wangu mbovu. Fundi alikuwa amekonda, shingo inaelea ndani ya kola, lakini alikuwa amenyoa. Alituonyesha pa kushika. Tulinyanyua kwa sauti moja, tukaiegemeza kwenye matairi, tukaigeuza polepole, tukaipandisha juu ya miguu ya chuma aliyoichomelea tangu gathano ile. Karatasi ya kaki ilikuwa imeshika. Akaleta maji kwenye sufuria, akailowesha kwa sponji. Ilipolegea aliinua pembe moja, kisha akamwachia Makena. "Toa wewe," akasema.

Ulikuwa mlima. Bluu ya vikombe vyangu ilikuwa mbingu. Theluji ni sahani nyeupe, chini kijani cha chupa na cha vigae vya bafu, kipande kwa kipande, mzuri mpaka nikashika mdomo. Halafu nikauinua uso nikautazama mlima wenyewe juu ya paa, nikautazama wa mezani. Kilele kidogo kilikuwa kushoto.

"Fundi," nikasema, na mimi huwa sijui kunyamaza, "woi, Fundi, huzuni imekushinda. Umesahau kioo. Mlima imegeuka."

Hakuninunia. Alikuwa akipangusa gundi iliyobaki kwenye nyufa kwa kidole gumba.

"Kioo sikuishika," akasema. "Nilichora tu vile tunauona hapa. Nikajua ikigeuzwa itakuwa ya kwao."

Makena aliketi chini palepale kwenye nyasi. Mume wake alimshika bega. Mimi nilitazama ile kreti ya soda, ilikuwa bado pale chini ya mlokwati, na nikaelewa kwamba yule mwanamke alikaa majuma yote yale hatua chache kutoka kwa mlima wa kwao, umelala kifudifudi chini ya magunia, na hakujua.

"Hukumwambia?" nikauliza. "Hata kwa mdomo tu?"

"Nilitaka aone mwenyewe."

Makena aliinuka akaenda kuleta chai. Alirudi na trei akasimama nayo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuweka kikombe juu ya mlima ule. Fundi alichukua kimoja akakiweka, upande wa kiti alichokuwa akikalia mkewe. Kisha akavuta kiti akakaa, akaweka viganja vyote viwili juu ya meza kama mtu anayempima mgonjwa homa. Chai aliyomwekea Makena ilikuwa inafuka na hakuigusa.

"Ningeigeuza siku ile, ingekatika hapa," akasema. Alipitisha kidole katikati, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine. "Vipande mbili. Makena angeshika hii, mimi nishike hii. Tungeshikilia tu mpaka aangalie ashibe."

Aliponitazama, macho yake yalikuwa yananiuliza kana kwamba mimi ndiye fundi.

"Halafu ningeiunga, Mama Hoteli. Si maisha yangu yote nimekuwa nikiunga vitu vya watu vilivyovunjika?"

Nilivuta kreti, nikaketi karibu naye, na tukakaa hivyo mpaka vikombe vyote vikapoa.